Chama Kimoja, Sheria Ishirini na Saba: Historia ya Volt

Tarehe 29 Machi 2017 balozi wa Uingereza mjini Brussels, Tim Barrow, alimkabidhi Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya wakati huo, barua yenye saini ya Waziri Mkuu Theresa May. Barua hiyo ilitangaza rasmi kwamba Uingereza inajitoa katika Umoja wa Ulaya. Siku hiyohiyo vijana watatu, wote wakiwa hawajatimiza miaka 30, walianzisha vuguvugu ambalo leo linajulikana kwa jina la Volt: Andrea Venzon kutoka Italia, Colombe Cahen-Salvador kutoka Ufaransa na Damian Boeselager kutoka Ujerumani. Taifa moja kubwa lilikuwa linafunga virago, nao wakaanza kazi ya kujenga.

Chama hicho sasa kinakaribia kutimiza miaka 10. Hakijawahi kuongoza serikali ya nchi yoyote, na katika nchi nyingi za Ulaya mpiga kura wa kawaida akiulizwa habari zake atatikisa kichwa tu. Hata hivyo historia yake inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu kilijaribu jambo ambalo vyama vikubwa vyenye fedha, magazeti na mawaziri havikuwahi kulijaribu kwa dhati: kusimama mbele ya wapiga kura wa nchi mbalimbali kikiwa chama kimoja, chenye jina moja, rangi moja ya zambarau na ilani moja.

Tangu mwaka 1979 wananchi wa Ulaya wanawachagua moja kwa moja wabunge wa Bunge la Ulaya. Lakini uchaguzi huo, ingawa hufanyika katika siku zilezile chache, kwa hakika ni mkusanyiko wa chaguzi nyingi za kitaifa. Mreno anapewa karatasi yenye vyama vya Ureno, Mfini anapewa yenye vyama vya Ufini, na kampeni inahusu waziri mkuu wa kwao, mfumuko wa bei wa kwao, kashfa za kwao. Baada ya kura kuhesabiwa ndipo vyama hivyo vinapokutana katika Bunge hilo, Strasbourg, na kujigawa katika makundi ya kisiasa. Kuna miungano inayoitwa vyama vya Ulaya, ila ndani yake ni vyama vya kitaifa vilivyojiunga chini ya mwavuli mmoja, na wapiga kura wengi hawajui hata majina ya miungano hiyo. Waasisi wa Volt waliliona hilo kuwa kasoro kubwa ya demokrasia. Sheria zinazotungwa Brussels zinamgusa kila mtu kuanzia Lisbon hadi Tallinn, lakini hakuna chama ambacho watu wa miji hiyo miwili wanaweza kukisifu au kukiadhibu kwa pamoja.

Wazo la Ulaya iliyo shirikisho halikuanzia kwao. Mwaka 1941, katika kisiwa cha Ventotene ambako utawala wa Mussolini uliwafungia wapinzani wake, Altiero Spinelli na Ernesto Rossi waliandika ilani iliyotaka mataifa ya bara hilo yaungane katika shirikisho huru baada ya vita, ili yasirudi tena kuuana. Ilani ilitolewa kisiwani kwa siri, na miongoni mwa walioisambaza alikuwa Ursula Hirschmann. Spinelli alikuja kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya na alikufa mwaka 1986 bila kuliona shirikisho alilolipigania. Wapo pia waliojaribu njia ya chama kabla ya Volt. Franck Biancheri, Mfaransa aliyeanzisha jumuiya ya wanafunzi wa Ulaya iitwayo AEGEE mwaka 1985, aliunda chama kilichoitwa Newropeans na kukipeleka katika uchaguzi wa 2009 nchini Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi. Hakikupata kiti hata kimoja. Ninamtaja kwa heshima, maana mara nyingi historia humsahau aliyefyeka pori na kumkumbuka aliyepita baadaye njia ikiwa imeshaonekana.

Volt ilikua haraka katika mwaka wake wa pili. Machi 2018 chama cha kwanza cha kitaifa chini ya jina hilo kiliundwa mjini Hamburg, na Juni mwaka huo Waholanzi wakaunda chao mjini Utrecht. Oktoba 2018 wanachama kutoka nchi mbalimbali walikutana Amsterdam na kupitisha Azimio la Amsterdam, ilani ambayo wagombea wote wa Volt, wa nchi yoyote, wangeinadi mwaka uliofuata. Ilitaka Ulaya iwe na serikali halisi inayowajibika kwa bunge, ikiongozwa na waziri mkuu. Ilitaka bunge hilo lenyewe lipewe haki ya kuanzisha miswada, haki ambayo kwa sasa iko mikononi mwa Kamisheni ya Ulaya. Ilitaka kukomeshwa kwa kura ya turufu, ambayo huiwezesha serikali moja kuzuia uamuzi wa nyingine zote katika mambo kama sera za nje na kodi. Juu ya hayo kulikuwa na jeshi la pamoja, mfumo mmoja wa kuwapokea wakimbizi, huduma za serikali kwa njia ya kidijitali na hatua kali za kulinda tabianchi. Baadaye uongozi wa juu wa chama uliwekwa mikononi mwa marais wenza wawili, mwanamke na mwanamume.

Kisha wakakutana na sheria.

Hakuna daftari moja la Ulaya ambamo chama kinaweza kujiandikisha na kugombea kote. Kila nchi ina masharti yake ya kuandikisha chama, ya kukusanya sahihi, ya dhamana na hata ya nani anagharamia karatasi za kura. Nchini Italia chama kisicho na wabunge kilitakiwa kukusanya sahihi 150,000, tena zikiwa zimegawanywa katika kanda zote tano za uchaguzi. Nchini Ufaransa orodha ya wagombea inapaswa yenyewe kuhakikisha karatasi zake za kura zimechapishwa na kufika nchi nzima, gharama ambayo chama cha watu wanaojitolea hakiwezi kuibeba. Kwa hiyo nchi mbili walikotoka waasisi wawili kati ya watatu zilibaki nje. Mei 2019 Volt ilishiriki katika nchi 8: Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Luxembourg, Bulgaria, Uhispania, Uswidi na Uingereza, ambayo barua yake ilikuwa bado haijakamilisha safari. Lengo lililotangazwa lilikuwa wabunge 25 kutoka nchi 7, idadi iliyohitajika wakati huo ili kuunda kundi bungeni. Lilikuwa lengo la watu wasiojua bado uzito wa mzigo, na pengine wangeujua wasingethubutu kuunyanyua.

Siku chache kabla ya kura, chama hicho kiliingia katika kesi ambayo kwa maoni yangu ni mojawapo ya michango yake mikubwa kwa demokrasia ya Ujerumani. Huko serikali huendesha kupitia taasisi yake ya elimu ya uraia chombo cha mtandaoni kiitwacho Wahl-O-Mat. Mpiga kura hujibu hoja 38, ndipo chombo kinamwonyesha ni chama gani kinachokaribiana na misimamo yake. Mamilioni ya watu hukitumia kila uchaguzi. Mwaka 2019 kulikuwa na orodha 41 za wagombea, lakini mtumiaji aliruhusiwa kuchagua 8 tu za kulinganisha na majibu yake. Mtu asiyewahi kusikia jina la Volt asingeichagua katika zile 8, na hivyo asingejua kamwe kwamba walikuwa na mawazo sawa. Volt ilikwenda mahakamani Köln, ikadai kwamba chombo cha umma kinapaswa kuwapa wote nafasi sawa. Mahakama ya utawala ilikubaliana nayo tarehe 20 Mei, na chombo kikazimwa wiki ya mwisho ya kampeni. Siku tatu baadaye pande mbili zilielewana na kikarudi hewani. Katika chaguzi zilizofuata mtumiaji aliweza kujilinganisha na vyama vyote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: faida ya kesi hiyo iliwafikia wadogo wote, pamoja na wale ambao Volt inawapinga vikali.

Tarehe 26 Mei 2019 matokeo yalionyesha wazi jinsi sheria inavyoamua nani anasikika. Nchini Luxembourg Volt ilipata takriban asilimia 2.1 na haikupata kiti, maana nchi hiyo ina viti 6 tu. Nchini Uholanzi zaidi ya watu 106,000 waliichagua, sawa na asilimia 1.9, nako pia ikatoka mikono mitupu kwa sababu viti 26 vya Uholanzi vilihitaji karibu asilimia 4 kwa kimoja. Nchini Ujerumani ilipata asilimia 0.7 tu, kura zipatazo 249,000, na hapo ndipo Damian Boeselager alipochaguliwa. Asilimia ndogo ilizaa kiti, asilimia kubwa haikuzaa. Ujerumani ina viti 96, na Mahakama yake ya Katiba ilikuwa imefuta kizingiti cha asilimia 5 mwaka 2011 na kile cha asilimia 3 mwaka 2014, kwa hoja kwamba Bunge la Ulaya halina serikali ya kudumu inayolitegemea kama lilivyo bunge la taifa, hivyo hakuna sababu ya kutosha ya kutupa kura za wadogo. Bila hukumu hizo mbili Volt ingeamka tarehe 27 Mei ikiwa haina mtu hata mmoja, na nina mashaka kama ingekuwepo leo.

Yule mmoja alihitaji mahali pa kukaa. Mbunge asiye na kundi Strasbourg hapati nafasi ya maana katika kamati, na muda wake wa kuzungumza ni mfupi. Volt ilizungumza na makundi, kisha uamuzi ukapelekwa kwa wanachama wa nchi zote, wakapiga kura Juni 2019. Walichagua Wakijani na washirika wao wa EFA. Ulikuwa uamuzi mzito, kwa sababu Volt imekuwa ikijieleza kuwa haifungwi na mrengo wa kushoto wala wa kulia, na katika uchumi ina mambo mengi ya kiliberali. Lakini utaratibu ulikuwa mzuri: Mbulgaria na Mwitalia ambao nchi zao hazikupata kiti walikuwa na sauti sawa na Mjerumani juu ya kiti cha Ujerumani. Sijui chama kingine cha ukubwa wowote kilichowahi kufanya hivyo. Katika muhula huo Boeselager alifanya kazi kubwa juu ya sera za uhamiaji na juu ya mfuko wa kufufua uchumi baada ya korona, ambao msingi wake ulikuwa euro bilioni 672.5 na ambao kwa mara ya kwanza uliifanya Ulaya ikope pamoja kwa kiwango hicho. Waasisi wengine wawili, Venzon na Cahen-Salvador, waliondoka na kuanzisha vuguvugu jingine linalolenga dunia nzima. Chama kilibaki mikononi mwa walioandikishwa barabarani, na hilo lilikuwa na afya.

Miaka iliyofuata inaelezwa vizuri zaidi katika kumbi za halmashauri za miji kuliko Strasbourg. Septemba 2020 wakazi wa Köln walichagua halmashauri yao na Volt ikapata karibu asilimia 5 na viti 4. Mjini Bonn ikapata viti 3. Jimbo la Nordrhein-Westfalen, iliko miji hiyo miwili, nalo halina kizingiti katika chaguzi za mitaa, maana mahakama ya katiba ya jimbo ilikifuta mwaka 2017. Mjini Köln, jiji la watu zaidi ya milioni moja, Volt iliingia katika muungano wa kuongoza halmashauri pamoja na Wakijani na chama cha kihafidhina cha CDU. Mjini Bonn iliungana na Wakijani, SPD na chama cha mrengo wa kushoto. Machi 2021 Frankfurt ikafuata, kwa asilimia 3.7 na viti 4, na muungano wa Wakijani, SPD, FDP na Volt. Huko Eileen O'Sullivan, msichana aliyezaliwa 1995, alipewa idara ya jiji inayoshughulikia mambo ya kidijitali, huduma kwa wananchi na mahusiano na Ulaya.

Mtu anaweza kuuliza: chama kinachotaka serikali ya bara zima kinatafuta nini katika njia za baiskeli za Köln? Wanachama wenyewe hujibu kwamba miji inaweza kuigana, na kwamba diwani wa Volt mjini Bonn anaweza kumpigia simu diwani wa Volt Uholanzi na kumuuliza jinsi walivyofanikisha jambo fulani. Jibu hilo lina ukweli. Ninaamini lipo na jingine la kawaida zaidi. Chama kipya kinahitaji watu waliowahi kusoma bajeti, waliowahi kushindwa katika kura ya kamati na kurudi wiki inayofuata. Hao hawapatikani katika mikutano mikubwa ya kupitisha maazimio.

Uholanzi ndiko Volt ilikoingia kwa mara ya kwanza katika bunge la taifa kwa tiketi yake yenyewe. Kiongozi wake, Laurens Dassen, alikuwa ameacha kazi ya benki ili kuijenga. Bunge la Uholanzi lina viti 150 vinavyogawanywa kwa uwiano, na kupata kimoja kunahitaji takriban asilimia 0.67 tu ya kura zote. Tarehe 17 Machi 2021, katikati ya janga la korona, Volt ilipata kura zaidi ya 252,000, asilimia 2.4, na viti 3. Ilikuja na msimamo ambao haukuwapendeza marafiki wote wa mazingira, kwa kuwa ilikubali nishati ya nyuklia iwe sehemu ya njia ya kuachana na makaa na gesi. Wapiga kura wake walikuwa zaidi vijana, wanafunzi na wasomi wa miji ya vyuo vikuu.

Furaha haikudumu. Mapema mwaka 2022 ulizuka mgogoro kuhusu malalamiko yaliyotolewa dhidi ya mmoja wa wabunge hao watatu. Ulifika mahakamani, ukaandikwa magazetini kwa majuma, na mwisho wake mbunge huyo akabaki bungeni bila chama. Wapo waliokata tamaa na kuondoka. Chama kilichokuwa kimejinadi kwa utaratibu na uwazi kilionekana hakikuwa kimejiandaa kwa jambo ambalo lazima lije katika kila taasisi ya binadamu. Hata hivyo Machi mwaka huohuo kiliingia katika halmashauri ya Amsterdam na miji mingine, na mwaka 2023 uchaguzi wa majimbo ulikiwezesha kupata viti 2 katika Seneti. Novemba 2023, katika uchaguzi uliompa Geert Wilders wa mrengo mkali wa kulia nafasi ya kwanza kwa viti 37, Volt ilibaki na wabunge 2.

Kwingineko njia zilikuwa za aina yake. Nchini Bulgaria, mwaka 2021, wanasiasa Kiril Petkov na Asen Vasilev waliamua kugombea wakati muda wa kuandikisha chama kipya ulikuwa umekwisha. Wakaazima usajili wa vyama vidogo vitatu, kimojawapo Volt, na muungano huo ukashika nafasi ya kwanza Novemba mwaka huo. Petkov akawa waziri mkuu, serikali ikaanguka baada ya miezi michache. Volt ilikuwa imeingia bungeni kwa mlango wa kuchangia, na sifa nyingi zilikwenda kwa wengine. Nchini Kuprosi mbunge Alexandra Attalides, aliyetoka katika chama cha wanamazingira, alijiunga na Volt na kuipa sauti bungeni Nicosia. Italia, Ureno na Romania chama kiliandikishwa na kugombea hapa na pale, kikaambulia kura chache. Hayo yapo katika kumbukumbu zake na sina sababu ya kuyapamba.

Juni 2024 ndiyo kilele cha safari hadi sasa. Ujerumani ilikuwa imeshusha umri wa kupiga kura ya Ulaya hadi miaka 16. Volt ilipata kura zaidi ya milioni moja, asilimia 2.6, na viti 3. Miongoni mwa wapiga kura wa chini ya miaka 25 mgao wake ulikadiriwa kufikia takriban asilimia 9. Boeselager alirudi, safari hii pamoja na Nela Riehl, mwalimu kutoka Hamburg, na Kai Tegethoff. Uholanzi, ambayo miaka mitano kabla ilikuwa haikupata kitu, ilitoa asilimia 5.1 na viti 2, cha Reinier van Lanschot, aliyewahi kuwa rais mwenza wa Volt ya Ulaya, na cha Anna Strolenberg. Nchini Ubelgiji Sophie in 't Veld, mbunge mkongwe aliyekihama chama cha Uholanzi cha D66 na kujiunga na Volt mwaka 2023, alishindwa kupata kiti, na hilo liliuma. Wanachama walipiga kura tena kuhusu kundi la kujiunga nalo, wakaamua kubaki na Wakijani. Nela Riehl akawa mwenyekiti wa kamati ya utamaduni na elimu ya Bunge la Ulaya. Kwa chama chenye wabunge 5 kati ya 720, hilo si jambo dogo.

Kisha likaja jambo ambalo kila anayekipenda chama hiki anapaswa kulitazama bila kupepesa macho. Miezi 8 tu baadaye, Februari 2025, Wajerumani walichagua bunge lao la taifa, Bundestag. Volt ilipata asilimia 0.7. Takriban theluthi mbili ya watu waliokuwa wameiamini mwezi Juni hawakuipigia tena. Oktoba 2025 Waholanzi nao walipiga kura, na ile asilimia 5.1 ya mwaka uliotangulia ikashuka hadi takriban 1.1, na bungeni The Hague akabaki Dassen peke yake.

Maelezo ya haraka yapo. Bundestag ina kizingiti cha asilimia 5, na mtu hataki kura yake ipotee wakati chama cha mrengo mkali wa kulia cha AfD kinapanda. Uholanzi wapiga kura wa mrengo wa kati walikimbilia D66 ili kumzuia Wilders asishike tena nafasi ya kwanza. Hayo ni kweli lakini hayatoshi. Tangu mwanzo Volt imekuwa ikisema kwamba mamlaka makubwa yanapaswa kuwa Ulaya, na wananchi wameisikia, ila wanaifuata pale tu wanapodhani kura haina gharama kubwa. Wanaichagua kwa moyo wakati wanapochagua bunge wanaloliona liko mbali, na wanapochagua serikali itakayopanga kodi, pango za nyumba na shule za watoto wao, wanarudi kwa vyama vya kwao. Maana yake, hata miongoni mwa wanaoipenda, Ulaya bado ni matumaini zaidi kuliko ni serikali. Hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo, na ni kazi ngumu zaidi kuliko kupata sahihi.

Nina neno jingine kwa chama chenyewe. Kilizaliwa na vijana waliosoma vyuo vikubwa na kufanya kazi katika makampuni ya ushauri, na lugha yake bado ina harufu ya huko: mabadiliko mengi yanayoelezwa kwa michoro, suluhisho zilizojaribiwa mahali fulani na kuletwa mahali pengine. Lugha hiyo inamvuta mwanafunzi wa Utrecht. Haimfikii dereva wa lori wa Kipolandi anayelala wiki nzima katika maegesho ya Ubelgiji, wala mvunaji nyanya wa kusini mwa Italia, ingawa hao ndio ambao maisha yao yanavuka mipaka kila siku na ambao sheria za nchi moja moja zimeshindwa kuwalinda. Chama cha Ulaya nzima kingepaswa kuwa chama chao kwanza. Sisemi haya kwa kukidharau. Nasema kwa sababu watu hao hawana chama kingine chenye sababu nzito kama hiyo ya kuwatafuta.

Mbele yake kuna mambo mawili ya kisheria yatakayoamua mengi. La kwanza ni kizingiti. Mwaka 2018 serikali za nchi wanachama zilikubaliana kwamba nchi kubwa ziweke kizingiti cha kati ya asilimia 2 na 5 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Ujerumani iliridhia mwaka 2023, na mapema 2024 Mahakama yake ya Katiba ilikataa pingamizi dhidi ya hatua hiyo. Kilichokuwa kinakwamisha ni idhini ya nchi nyingine, hasa Uhispania. Kizingiti cha asilimia 2 kingewaondoa wadogo wengi walioingia 2024. Volt, kwa asilimia yake 2.6, ingepita kwa shida. Chama kilichookolewa mwaka 2019 na mlango uliokuwa wazi huenda mwaka 2029 kikalazimika kupita katika mlango uliofungwa nusu, na heshima yake ni kwamba kiendelee kuwatetea wale watakaobaki nje.

La pili ni ndoto ya waasisi. Tarehe 3 Mei 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha, kwa kura 323 dhidi ya 262, pendekezo la kumpa kila mpiga kura karatasi mbili: moja ya nchi yake, na nyingine ya Ulaya nzima, yenye orodha za pamoja za kuwania viti 28. Boeselager alikuwa miongoni mwa walioupigania mpango huo kwa nguvu zote. Ukitekelezwa, kwa mara ya kwanza Mwitalia na Mswidi watakutana na orodha ileile ya wagombea katika karatasi ya kura, na Volt haitahitaji tena kujiandikisha nchi baada ya nchi ili kuwepo. Pendekezo hilo limekwama katika baraza la serikali za nchi wanachama. Ili lipite, linahitaji ridhaa ya serikali zote 27 bila hata moja kupinga, na baada ya hapo idhini ya kila nchi kwa utaratibu wake.